Mhunzi wa Daraja la Tatu

Přemek, mwana wa kaka yangu, ndiye aliyenipakilia mchezo
kwenye kompyuta aliyokwisha kuichoka.
"Chagua kazi, shangazi. Kila mtu huku ana kazi."
Palikuwa na mganga wa mitishamba, mshonaji, mpishi wa supu za nguvu.
Nikabofya nyundo.
Mimi, Drahuše, dereva wa tramu za usiku hapa Ostrava,
miaka hamsini na minne, goti bovu,
nikawa mbilikimo mwenye ndevu za kufikia mkanda.

Uhunzi, kumbe, huanza kwa kuchimba.
Majuma mawili nilikwangua mtapo wa shaba
kwenye mlima usio na jina, buibui wakining'ata visigino.
Kisha misumari. Misumari mia mbili na arobaini,
na mjini humo hakuna aliyekuwa akijenga.
Kisha visu: makaa kwa sarafu tatu, mkuo kwa nne,
na kisu sokoni hakivuki tano.
Hesabu hiyo hata mtoto wa chekechea angeikataa.
Nami nilirudi kila alfajiri baada ya zamu,
koti la kazi bado mwilini,
kubofya fuawe na kungoja mstari wa kijani ujae.

Pafukapo moshi pana moto, husemwa.
Huku moto upo, moshi hakuna.
Mivukuto inapumua bila mtu kutoka jasho.
Nyundo inaijua njia yake;
kidole changu kimoja tu ndicho kibarua.

Baba hulala chumba cha pili.
Bohumír, miaka thelathini na mmoja mbele ya tanuri la Vítkovice,
na tangu lizimwe hajalitaja,
kama mtu asivyomtaja mke aliyemkimbia.
Masikio aliyaacha hukohuko kazini.
Asubuhi moja ya Februari, theluji imeziba reli, zamu imefutwa,
niligeuka nikamkuta nyuma yangu,
mpira wa oksijeni puani, soksi mguu mmoja.
Akatazama panga langu likitoka motoni.
Akatazama la pili.
"Rangi si hiyo," akasema.

Baba?

"Jekundu hilo limeshapoa. Ukilipiga hapo unaumiza mkono bure,
chuma kinakucheka. Ngoja liwe manjano,
manjano ya..." akalitafuta neno kwa macho, hadi jikoni,
"...ya kiini cha yai. Yai la shamba, si la dukani.
Likianza kutema nyota umechelewa, umeliunguza."

Nikamweleza: huku rangi ni moja.
Huku mtu hawahi wala hachelewi.
Mstari ukijaa, panga limekwisha.
"Na ukikosea?"
Hukosei, Baba.
Akanitazama kana kwamba nimemwambia
kuna mji usio na makaburi.

Hakurudi kulala. Akavuta kigoda.
Mkono wake wa kulia, juu ya paja,
ukaanza kupiga: pigo moja zito, mawili mepesi ya kupumzisha,
moja zito, mawili mepesi,
nami nikawa nabofya kwa kumfuata
ingawa mchezo haukujali.

Saa mbili na robo nikapanda daraja la tatu.
Tarumbeta zikalia ndani ya spika mbovu. Hakuzisikia.
Mtu fulani, jina lake herufi na tarakimu tupu,
akalinunua panga bila kubishana bei.
Mchezo ukauliza: tuchonge jina gani kwenye bapa?
Nikaandika la Baba. Likachongwa kwa pengo,
maana ile herufi yenye alama kichwani
huko haikubaliwi.

"Limekwenda wapi?" akauliza.
Mbali. Sijui. Kuna mtu anapigana nalo.
Akanyamaza kitambo, mashine yake ikivuta na kutoa.
"Mwambie asiliache kwenye unyevu."